Sefu ya Bunduki Ishirini

Buffalo, Wyoming

Kaka Lyle,

Usiushangae mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Huku theluji imeanza, na msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa bila Baba.

Sefu uliyonichagulia kwa simu ilifika. Mimi nilitaka kubwa zaidi, ukanicheka: "Dada, bunduki za mzee ni kumi na nane, sefu ni ya ishirini. Hesabu gani hiyo inakushinda?" Kumbe wauzaji huhesabu bunduki zisizo na darubini za kulengea juu yake, ambazo hula nafasi. Za Baba zote zina darubini, na ni wewe uliyekuwa ukimletea kila Krismasi. Ziliingia kumi na moja tu. Saba nikazificha chini ya kitanda changu.

Baba siku hizi hanitambui, lakini kupekua hajasahau. Jumanne nilirudi na maziwa, nikakuta mlango umefungwa. Akauliza kwa ndani, "Nani wewe?"

"Mwanao, Baba."

"Mwongo! Mwanangu ni Lyle."

Kisha akafyatua.

Vidole viwili havikuokolewa. Baba wamemlaza wodi ya wazee, na kila nikiingia ananiuliza kama umefika.

Dada yako,
Verna