Mayai ya Wifi

Jumanne, Boko

Nilimpokonya wifi sahani mbele ya kaka. Wifi ana mimba ya miezi saba, alikuwa anakula mayai ya kukaanga. Nikamwambia atazaa mtoto kipara.

Akaniuliza taratibu, "Wifi, si unafundisha Baiolojia wewe? Hilo umelitoa wapi?"

Kwa mama. Nikampigia palepale, simu nikaiweka spika ili wote wasikie. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, kuku tulikuwa nao watatu tu, na baba yako alipenda mayai. Bibi yako akayatunga hayo ili mwanawe ashibe."

Sikuweza kumtazama wifi usoni.

Mimba zangu zote mbili sikugusa yai, na wanangu wote wawili walizaliwa vipara. Hata hapo sikujiuliza.