Mpelelezi wa Festo

Jumatatu, 4 Agosti
Umeme umerudi saa nne. Nimetoa kopi za wateja, nikafungua tena gemu. Ni gemu la zamani la kunyatia watu gizani, ila kisa hiki kipya katengeneza mdogo wangu Festo. Mpelelezi wa koti refu anafika mji wa mvua. Mzee kafa. Nani kamuua? Kazi ni kujipenyeza nyumbani kwa marehemu bila kuonekana. Nimekamatwa tena. Ovyo kabisa.

Nyumba yenyewe ni yetu ya kijijini, Mpitimbi. Ghala la mahindi, mpaka mlango wa buluu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekamatwa dirishani. Nimekamatwa juu ya paa.

Siogopi gemu. Naogopa Jumamosi, misa ya mwaka ya baba. Festo anakuja kutoka Mbeya, na baba mdogo atakuwepo. Tangu msibani hawasemeshani. Watu walimnong'oneza Festo kwamba baba mdogo alimroga kaka yake kwa ajili ya shamba. Upuuzi mtupu, baba aliugua figo. Lakini Festo alinyamaza, na kimya chake nakijua. Leo ananiletea gemu la muuaji! Akimtaja baba mdogo humo, Jumamosi atamtaja mbele ya watu. Ukoo utapasuka.

Jumatano, 6 Agosti
Baba mdogo kapiga simu. Anataka Festo awahi, wasafishe kaburi pamoja kabla ya misa. Nikaitikia "sawa, baba." Nikampigia Festo, nikamwuliza muuaji ni nani.

"Cheza tu, dada."

Mjeuri yule. Presha itaniua.

Alhamisi, 7 Agosti
Jamani, hivi nina akili kweli? Leo nimechoka, nikampeleka mpelelezi mlango wa mbele, peupe, nikabonyeza. "Hodi!" Sauti ya Festo mwenyewe. "Karibu," akajibu mzee wa mlangoni, akasogeza kigoda. Kwetu nani anaingia msibani kwa dirisha? Mimi tu, mjinga.

Ukutani kuna picha ya baba mdogo. Nikazima kompyuta. Sijala.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemaliza. Baba mdogo hana kosa humo. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mgonjwa na kumlisha uji. Ushahidi ni simu ya marehemu, chini ya mto. Alimpigia mtu mmoja, tena na tena, na huyo mtu hakupokea. Jina ni la mpelelezi mwenyewe. Kisha maneno meupe kwenye kioo: Muuaji amepatikana.

Sikujua kama baba alimpigia Festo. Mdogo wangu hakuwahi kusema. Nimefunga duka mchana, nimelia mpaka kichwa kinauma. Nilimwogopea kila mtu isipokuwa yeye. Saa hizi yuko kwenye basi, peke yake na mambo hayo.

Nimempigia baba mdogo, nimemweleza yote. Akasema: "Nitampokea mimi stendi."

Jumapili, 10 Agosti
Mpitimbi. Baridi.

Jana asubuhi walienda makaburini wawili tu. Sijui walisemezana nini. Walirudi na udongo magotini, Festo macho mekundu, baba mdogo kabeba majembe yote mawili. Kanisani walikaa benchi moja.

Leo kengele imeshalia. Festo bado kalala, kitanda cha baba. Baba mdogo kachungulia mlangoni, kavua viatu, kasema asiamshwe.