Mama, Gazeti Letu Halina Dhahabu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila shikamoo mkono hautaandika.

Huku hatujambo. Paa la jikoni bado linavuja palepale. Kaka amesema atalishughulikia, kwa hiyo wewe pumzika tu, litaendelea kuvuja. Igoma imejaa watu. Pale tulipokuwa tunaanika viazi vitamu vya michembe sasa pana fundi anachomelea mageti, na mitumba inatandikwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunanunua mapanki, vichwa na mifupa. Magazeti nayo yamekuwa mengi, kila wiki linazuka jipya, na anayeyafaidi zaidi ni muuza vitumbua anayeyatumia kufungia.

Na mimi nimeanzisha langu. Usicheke. Ni la ukutani, darasa la sita, somo la historia. Kitabu chetu kina ukurasa mmoja tu kuhusu dhahabu ya ng'ambo ya ziwa enzi za Mwingereza, na katika ukurasa huo hamna watu, mna mashine. Huku watoto wanawaona vijana wa leo wakipita na sururu begani kwenda hukohuko. Nikawaambia tuandike gazeti kana kwamba tunaishi enzi zile za kwanza, kila mtu akaulize wazee wa kwao. Sheria ilikuwa moja: hakuna habari bila mtu aliyeona, na aliyeona aulizwe ana kwa ana.

Basi wakarudi, Mama, na habari zote zikawa moja. Babu wa huyu alikwenda, hakupata kitu. Babu wa yule alichimba miaka na miaka, hakupata kitu. Mwingine alirudi na kundi la ng'ombe, lakini dhahabu hakuiona hata kidogo, sijui ng'ombe walijileta wenyewe. Unawajua watu wetu. Nani atataja alichopata, na majirani wana masikio? Kichwa cha habari cha kwanza kikawa: WATU WAMIMINIKA MACHIMBONI, HAKUNA ALIYEPATA KITU. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akaegemea ukuta, na gundi yetu ya unga wa muhogo ilikuwa bado mbichi.

Wewe ulikuwa mmoja wao. Kila tulipokuuliza ulijibu, "Nilikwenda kuuza michembe. Dhahabu sikuiona." Halafu unageukia sufuria yako. Ile sufuria! Ulikuwa huifuniki mpaka uulize, "Nani hajala?" Tukikuambia wote tumekula unahesabu vichwa upya, nzi wanaingia, sisi tunanung'unika. Nilipokwenda chuo cha ualimu, kaka aliniandikia kwamba usiku ule wa kwanza ulikataa kuifunika mpaka Baba alipokukumbusha kuwa nimesafiri. Nililia bwenini kwa sababu ya mfuniko.

Nikataka uwemo gazetini. Nikaandika habari fupi, kwamba wasichana nao walikwenda machimboni wakawalisha wachimbaji. Nyanjige, mhariri wetu, binti mdogo mwenye uso wa hakimu, akanirudishia karatasi. "Mwalimu, aliyeona ni nani?" Nikamwambia ni mama yangu. Akauliza, "Yuko wapi tukamuulize?"

Mtoto hakujua. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa msibani kwako, aliyekuwa anachechemea. Alitoka Magu na kikapu cha michembe, akakiweka mlangoni wazi bila kukifunika, na hakugusa chakula mpaka watu wote walipokula. Aliniambia anaitwa Malimi, kwamba mlijuana machimboni, basi. Nami siku ile nilikuwa sisikii la mtu. Nikadhani ni ndugu wa mbali wa Baba.

Jumamosi nikamchukua Nyanjige, tukaenda Magu, tukamkuta anapalilia pamba. Nyanjige akamwamkia, akachomoa kalamu na kuuliza kama alipata dhahabu. Mzee akajibu kama wenzake wote, "Sikupata kitu." Kisha akaegemea jembe, akasema, "Nilipata kula tu. Na huko kula ndiko kulikoniponya."

Mama, kwa nini hukutuambia? Alitusimulia kwamba alirudi shimoni peke yake kufuata taa aliyoisahau, udongo ukashuka ukamfunika mguu. Wenzake walikuwa wamekwisha kupanda juu, wamekula, wanajua Malimi ameshaondoka kwenda kwao, maana alikuwa anatishia hivyo kila siku. Hakuna aliyemtafuta ila wewe na chungu chako. Alikuwa anapenda ukoko wa chini, ulikuwa unamwekea, na jioni ile ukoko ukabaki. Ukazunguka vibanda vyote ukiuliza nani hajala. Walikucheka. Walikuambia funga biashara ukalale, binti. Ukabeba chungu wazi ukaenda kukaa kwenye mdomo wa shimo, ukakataa kuondoka, mpaka wanaume wakashuka kwa hasira tu ili wapate kukunyamazisha. Wakamsikia anagonga.

Mzee alipomaliza alifuta macho kwa kiganja chenye udongo. Nyanjige aliacha kuandika. Mimi nilikuwa na fahari, Mama, na nilikuwa na hasira nawe kidogo, nayasema yote mawili. Miaka yote ile tulikuwa tunalalamikia nzi.

Habari yako sasa iko ukutani, katikati kabisa. CHUNGU CHAMWOKOA MCHIMBAJI. Chini yake Nyanjige ameandika jina la Mzee Malimi kuwa ndiye aliyeona, na jina lako lote. Watoto wa madarasa mengine wanakuja kusoma wakati wa mapumziko, wanasukumana.

Lakini si hilo lililonifanya nikae kukuandikia leo. Leo mchana tulikuwa tunagawa uji. Kiranja akashika mfuniko wa sufuria, na kabla hajafunika mtoto mmoja akapaza sauti, "Nani hajanywa?" Darasa zima likacheka, walikuwa wanakuigiza wewe. Kisha wakaanza kuhesabiana vichwa, na kicheko kikaisha. Kikombe kimoja kilikuwa kimebaki kwenye beseni. Cha Minza.

Minza ni msichana mpole anayekaa dirishani. Nilikuwa naandika "hayupo" kila asubuhi kama ninavyowaandikia wengi, siku hizi wanaondoka na tumeanza kuzoea. Watoto wakaniambia wanachokijua. Shangazi yake amemvusha kwenda machimboni kuosha vyombo katika mgahawa. Mama yake, nimetoka kwake jioni hii, aliambiwa mtoto anakwenda kwa likizo tu, na likizo ilikwisha zamani. Alinishika mikono miwili.

Kesho Jumamosi mimi na yeye tunavuka kwa kivuko cha kwanza. Sijui mgahawa ni upi. Huko migahawa ni mingi kama mashimo yenyewe, na mwenye mgahawa anaweza kunicheka na kuniambia niende nikafundishe. Naogopa, Mama, sikufichi. Ila nimejifunza kwamba mtu anaweza kuketi mahali akakataa kuondoka mpaka wengine wachoke. Kukaa nakuweza. Nimekaa kwenye mikutano ya wazazi.

Nakuahidi sitaandika tena "hayupo" bila kuuliza yuko wapi. Na nakuahidi sitarudi peke yangu. Nikichelewa, usinihesabu mapema.

Lala salama, mama yangu. Nimepika michembe na karanga, watoto wa nyumbani wamekula, kaka amekula, mimi nimekula. Minza hajala. Sufuria sijaifunika.

Mwanao,
Kabula