Baibui Juu ya Jaketi

Makangale, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka yangu Mjaka,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta hapo Maskati ukiwa na afya, na maumivu ya mgongo yamepungua. Huku tu wazima, alhamdulillah, ila mimi nimechoka. Sina homa wala presha. Nimechoka kubishana, na wewe unanijua: nikikwambia hivyo, mambo yamefika pabaya.

Ulisikia kwamba nimejiunga na mafunzo ya uvuvi wa kayaki, vile vitumbwi vyembamba vya plastiki vya mtu mmoja. Ni kweli, kwa umri wangu huu na magoti haya. Pweza wa karibu wamekwisha. Wanawake tunakanyaga mwamba mtupu tangu maji yatoke mpaka yajae, na wanaume wenye vyombo wanatuambia tuwe na subira. Nimeshaandika makala ngapi gazetini juu ya hilo! Nani kasoma? Basi nikaona bora nishike kafi.

Mwalimu wetu, Hudhaifa wa Wawi, alitufundisha kupiga kafi, kutupa mshipi bila kuyumba, na kupindua kayaki kwa makusudi ili tujue kuipanda tena. Tatizo likawa jaketi la kuokolea. Ukilikaza mikanda linachora kifua, na pwani wanaume wamejipanga kama wanaotazama mpira. Wenzangu wakaamua kulivaa ndani, baibui juu. Hudhaifa akasema jaketi huvaliwa juu ya kila kitu. Nami nikasimama nikawaambia kwamba stara haikuamriwa ili mtu azame. Mmoja wao, Saada, akasema haya, Bi Gazeti kashaanza, na kama nataka kuhutubia nikagombee jimbo. Wakaangua kicheko. Hudhaifa akaona haya kuendelea kuzungumzia vifua vya wake za watu, akaenda kupanga makafi. Na mimi, kaka, kwa uchovu, nikawaacha wavae walivyotaka.

Siku ya kupinduka, mwenzetu mmoja hakuibuka vizuri. Jaketi lilipanda ndani ya baibui, nguo ikajaa maji ikamzonga uso. Hudhaifa alifika wa kwanza, akanyoosha mkono atafute mkanda wa kumshika, akagusa mwili wa mke wa mtu, akaurudisha mkono. Nilijitupa majini. Kitambaa kiliniponyoka. Nikakichana shingoni kwa meno hata nikaupata mkanda, nikamvuta. Alitapika maji, akavuta pumzi, kisha akalilia baibui lake lililochanika.

Baibui hilo ulimletea wewe, Idi iliyopita. Ni Mwanamize, kaka. Ni mkeo.

Najua ulimkataza. Najua na ulivyomwambia kwenye simu: akipanda chombo kile asikae tena nyumbani kwako, arudi kwao. Alipanda. Siku ile ile tuliyomtoa majini alifunga nguo zake, akachukua watoto, akaenda kwa mama yake, asije mtu akasema amekaa kwako pasipo haki. Nilimpeleka kwa Shehe Mmanga. Akasema hukutaja talaka waziwazi, kwa hiyo anayejua ni wewe uliyesema: ulikusudia kumwacha, au ulikuwa unamtisha tu. Tangu hapo simu zake hupokei, na zangu hupokei. Ndiyo maana nimempa Masoud barua hii, kwa kuwa anasafiri kuja huko, akukabidhi mkononi.

Ningeweza kukujazia kurasa za hoja. Vitabu ninavyo, na hasira ninayo. Nguvu sina. Mwanamize haombi msamaha, na kayaki atairudia siku yake ikifika, jaketi likiwa juu. Anachotaka ni kujua kama yuko edani au anamngoja mumewe. Usinijibu mimi. Mpigie yeye, umwambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Mama mkweo anakusalimu, na majirani wote wa hapa wanakuombea kheri. Wanao nao wanakusalimu sana. Yule mdogo anauliza kila jioni kwa nini wanalala kwa bibi, na jibu lake unalo wewe.

Dada yako akupendaye,
Ummkulthum