Tawi la Njia ya Chini

Anastazi, ndugu yangu,

Baiskeli yako imepona. Mdogo wako Faustini ameinyoosha ile rimu iliyopinda, ametia mpira mpya nyuma, na kijiko chako bado kimefungwa kwenye usukani kwa kamba ya mgomba. Nilidhani angekitupa, anunue kengele nzima kama watu wengine. Hakukitupa. Jana alipita mbele ya mlango wangu akigonga ile kengele mbovu kwa kijiko, kwa mapigo yako yale yale matatu. Nilikuwa nakunywa uji, nikaumwaga wote mapajani. Nilicheka, kisha nikalia, na mapaja yanawaka mpaka leo.

Leo ni Jumapili. Kesho alfajiri Faustini anaanza kazi yako, ya kwenda Sake na bidoni tupu na kurudi na maziwa ya hoteli. Ndiyo maana nakuandikia. Daftari hili nimeliomba kwa katekista, nikamwambia ninataka kumwandikia dada yangu aliye Bukavu. Ni uongo. Siku hizi uongo umenizoea, unakuja hata nisipouita.

Nimekaa hapa tangu misa imalizike na mambo yanayonijia ni ya njia tu. Njia ya Kibati, tunasukuma tangu Munigi, mawe meusi yanatafuna mipira, jasho linaingia machoni, na wewe huachi kusema. Na kurudi je? Magunia ya maharage nyuma, breki hakuna, kandambili umeikandamiza kwenye mpira wa mbele mpaka inatoa moshi. "Kupanda ni kwa miguu, kushuka ni kwa Mungu." Ulikuwa unayapigia kelele maneno hayo kwenye kila kona, na wamama wenye mizigo wanarukia majanini wakikutukana. Njia ya Gisenyi ilikuwa ya Jumapili, ya shati safi. Ulimpitisha Felisita huko kabla hajawa mke wako, amekaa nyuma upande mmoja, mimi nawafuata kama askari wenu. Lakini njia iliyotulisha ni ya Sake.

Na ya Sake, ukivuka Mugunga, inagawanyika. Hili naliandika wazi, ingawa wewe unalijua kuliko mimi, kwa sababu si wewe peke yako utakayelisikia. Njia ya juu inapita kwenye mawe ya mlima wa moto, makali kama chupa iliyovunjika. Njia ya chini ni fupi, udongo wake laini, haitoboi mpira. Lakini inapita ndani ya shimo la mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini, usioonekana, usionuka, unaolala chini pasipo na mtu wa kuuondoa mpaka jua lipande na upepo wa ziwa uje. Mbuzi akiingia humo asubuhi hatoki.

Kwa hiyo sisi watu wa baiskeli tuna desturi yetu. Wa mwisho kupita jioni anashuka, anawasha majani makavu, anayateremsha shimoni kwa fimbo. Moto ukiishi, tawi la mkaratusi linabaki juu ya yale mawe kando ya njia, na wa alfajiri wanapita chini. Moto ukizimika, tawi linalazwa katikati ya njia, na wa alfajiri wanapita juu, hata kama mipira itakwisha. Hakuna aliyeiandika sheria hii. Bula Matari, serikali ya wazungu, hakuileta. Ni yetu, na mimi ndiye niliyekufundisha.

Ile Alhamisi, kabla hujafa, wa mwisho kupita nilikuwa mimi.

Wewe ulikuwa umekwenda Kibati. Mimi nilitoka Sake na magunia mawili, mvua imeshanikuta nyuma, radi zinapiga upande wa mlima. Nilifika penye tawi. Lilikuwa juu ya mawe, mtu wa mchana alikuwa amelitoa njiani. Unajua baiskeli yenye magunia mawili ikilala, kuiinua ni kazi ya watu wawili. Nikasema moyoni, yuko mtu nyuma yangu, atawasha yeye. Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Nilikuwa nimeshawapita wote Sake, wamejikinga mvua. Nilijua hivyo, Anastazi. Nilijua, nikakanyaga pedali.

Jioni ile ukaja kwangu kuazima pampu. Umesimama pale mlangoni, mguu wa suruali bado umefungwa kwa kamba ya mgomba, ukaniuliza, "Kalisti, njia ya chini iko namna gani?" Nikakujibu bila hata kugeuka, "Iko muzuri." Ulisema asante. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Ulinishukuru.

Asubuhi nilikufuata nimechelewa, jua limeshatoka. Nilipofika penye mgawanyiko niliona mkwaruzo wa mpira wako umekwenda chini. Nikakukuta shimoni, umechuchumaa kando ya lile jiwe kubwa, shavu umelilaza kwenye mpira wa nyuma. Unakumbuka ulivyokuwa unatafuta tundu? Wengine tunatumia maji. Wewe ulikuwa unaweka shavu, unafumba macho, unasubiri hewa ikuguse. Mpira ulikuwa umetoboka huko juu, kabla ya mgawanyiko, ukashuka kuuziba mahali palipo laini. Ungepita umekaa juu ya kiti ungepita salama, siku ile mazuku ilikuwa bado inafika magotini tu. Lakini uliinama. Uliinama kwa sababu mimi nilisema iko muzuri.

Nilikuita. Nilidhani unasikiliza mpira.

Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza, ndiyo sababu mimi niko hai. Nilikubeba mpaka barabara ya juu. Naapa kwamba wakati nakubeba sikuwa na hila yoyote, nilitaka upate hewa. Nikarudi kuchukua baiskeli, nikaikokota juu ya mawe, hapo ndipo rimu ilipopinda. Ndipo watu wakafika, na mzee mmoja wa Mugunga akauliza, "Mulimukuta wapi?"

Nikasema, "Hapa."

Neno moja. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na nilipotaka kulirudisha Felisita alikuwa ameshafika, analia, na nikaona aibu kuliko nilivyoona huruma. Nakwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikia neno lile limezaa nini. Mtu mzima, mwenye nguvu, anakufa juu ya barabara ya juu, hana jeraha, hana damu. Wakasema sumu. Wakakumbuka kwamba Alhamisi ulipotoka Kibati ulikunywa kasiksi kwa Mama Veronika, pale Munigi. Tangu siku ile hakuna anayenunua pombe yake. Juma la pili wakamvunjia mitungi. Nilimwona Jumanne amekaa mbele ya nyumba yake na vigae vimemzunguka, akanisalimia vizuri. "Pole na rafiki yako, papa." Nilimwitikia, nikaendelea na safari. Naam, niliendelea.

Na kuna baya kuliko hilo. Kwa kuwa wewe uliuawa na kasiksi, basi shimo halina hatia. Faustini anasema hadharani, mbele ya Felisita, "Ile shimo inauaka mbuzi tu. Haijaua mutu hata mumoja." Na nani atambishia? Mwenye kujua ni mimi. Anasema hatamalizia mipira yake kwenye mawe kwa ajili ya tawi la wazee. Wengine nao wamemsikia. Kila jioni sasa mimi ndiye ninayekaa nyuma ya wote, nawasha moto, nalaza tawi. Mara mbili nimelikuta mchana limetupwa majanini, na alama za mpira wako mpya zinashuka moja kwa moja: Faustini anaijaribu baiskeli, jua limeshapanda.

Moto, Anastazi. Mwaka jana tulipoteremsha majani yanayowaka yalikuwa yanazimika chini kabisa, kwenye mguu wa lile jiwe. Juma lililopita yalizimika katikati ya jiwe. Jana jioni hayakulifikia. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu niliyashusha polepole kama mtu anayemlaza mtoto, na yalizimika juu ya jiwe, kimya, hata moshi haukupanda, ulilala palepale ukatambaa. Ukingoni nimekuta kunguru wawili na kanga wamekufa, na kanga yule alikuwa karibu na barabara ya juu kuliko nilivyowahi kuona. Mlima una wekundu kila jioni. Wazee wanautazama, halafu wanaongea mambo mengine.

Faustini ni mfupi, unajua. Akiwa amekaa juu ya baiskeli yako kidevu chake kinalingana na lile jiwe. Huyu hatahitaji kuinama.

Nilijaribu njia za mzunguko. Nilimwambia apite juu, akacheka, akasema mimi ni mwoga tangu ufe. Nilimwambia nitampa mipira yangu miwili, akaniuliza kwa nini. Nikajifanya nafunga gunia. Usiku sitaki kuusema. Nitasema tu kwamba nimefikiri kukata spoki zake, au kumfichia baiskeli, mambo ya mtu ambaye atafanya chochote ila kufungua mdomo.

Leo alasiri wanamaliza matanga yako. Ndugu zako wameshuka kutoka Masisi, wako nyumbani kwenu, na jua likigeuka watamkabidhi Faustini baiskeli mbele ya watu wote. Wametaka mimi niseme neno, kwa kuwa nilikuwa rafiki yako na mimi ndiye niliyekuokota. Nimesema nitasema. Kaka yako mkubwa amekuja na panga lake la shambani, analinoa tangu jana. Anasema ni la kukatia nyasi za kaburi lako. Labda ni hivyo. Ameuliza mara mbili nyumba ya Veronika iko wapi.

Ninaogopa, ndugu yangu. Naogopa uso wa Felisita kuliko hilo panga. Ndiyo maana nimeandika. Mdomo wangu naujua, ukifika mbele ya watu utatafuta neno dogo la kujificha, kama lile la kwanza. Kwenye karatasi haliwezi kubadilika. Nitasimama katikati yao, nifungue daftari hili la katekista, nianze na jina lako, nisiruke mstari hata mmoja, wala huu wa Veronika, wala huu wa pampu. Nikimaliza wafanye wanachoona kinanistahili. Faustini lazima asikie kabla hajashika usukani.

Leo hakuna upepo. Tangu misa nimekuwa nikitazama majani ya migomba, hayajatikisika, na ziwa limetulia vibaya. Tawi la kesho nimeshalikata. Liko mlangoni, bado linatoa harufu. Nitakwenda nalo nilitie mkononi mwa mdogo wako, na kama baada ya leo nitakuwa bado ninatembea, kila jioni maadamu ninaishi nitashuka kwenye baiskeli, mvua inyeshe, magunia yaanguke, nitawasha ule moto. Hiyo ni ahadi.

Lala, Anastazi. Kijiko chako nawasikia wanakijaribu huko kwenu, wananisubiri mimi.

Mzee wa Mugunga naye amekuja, nimemwona akipita na fimbo yake. Vizuri. Aliniuliza swali na leo nitamjibu. Si hapa, muzee. Nilimkuta kule chini.

Kalisti