Shairi Lako Lililochapishwa kwa Amri

Mwaka umekatika tangu utuache, baba yetu, kaka yetu, mume wangu. Tulikusudia kukuandikia kwa upole. Utuwie radhi, wametuudhi.

Ulikuwa mwanafunzi ulipolianzisha lile jarida na wenzako. Mlichapa hadithi na mashairi kwa mashine ya kuazima, juu ya kitanda cha bweni. Dada yako anakumbuka ulivyorudi likizo na mashuka yaliyoloa wino, mama akakufokea, nawe ukacheka tu. Sheria yenu ilikuwa moja: jarida ni la wanafunzi. Mwalimu asome, asichapishwe.

Kisha ukawa mwalimu papo hapo chuoni. Kila mwaka uliwapelekea wahariri shairi lako, makusudi, uone kama watakuogopa. Walipolikataa uliingia nyumbani hata viatu hujavua, unaita, "Bibie, wamenitosa tena! Safi sana!" Siku hiyo chai ulipika wewe, ukaitia sukari mpaka watoto wakashindwa kuinywa.

Sasa sikia walichofanya. Chuo kimetoa toleo maalumu la historia ya jarida, eti kwa heshima yako. Humo wanasema lilianzishwa na "uongozi wa chuo". Uongozi upi? Ule uliowanyang'anya ninyi ile mashine ya kuazima? Na ukurasa wa kwanza, kwa amri ya mkuu wa chuo, wameweka shairi lako.

Mhariri wa sasa, binti mdogo tu, alikuja nyumbani macho yamemvimba.

"Mama, sisi tulilikataa. Tukaambiwa hatuna adabu kwa marehemu."

"Mlilikataa kwa sababu ni la mwalimu?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Hiyo pia. Lakini Mama, usinikasirikie... lilikuwa baya."

Nilimkumbatia tukalia wote wawili, kisha tukacheka. Mdogo wako akampigia simu mkuu wa chuo, akajibiwa kwamba familia haina shukrani. Ni kweli, kwa hilo hatuna hata chembe. Heshima gani ya kumziba mtu mdomo kwa jina la marehemu wetu?

Kwa hiyo tunatamka hapa gazetini, wasomaji wote wasikie: shairi lile halikupita. Wenye jarida ni wanafunzi, na wanafunzi wamelikataa.

Umekataliwa, mpenzi wangu. Lala salama.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo, wanao, dada yako, mdogo wako, wakwe na wajukuu. Maishani mwetu hutasahaulika.