Ukuta wa Chumba Chako

Morbi, Jumanne

Mdogo wangu Hansa,

Sisi wazima. Embe zimeshuka bei. Sebuleni tunaweka vigae vyeupe.

Kabla ya kubandika, fundi Jivraj alivipanga vikavu, bila saruji, atafute katikati ya sebule. Akaniuliza, "Kaka, nipime mpaka ukuta wa chumba cha dada, au tuuvunje, huyo ndo kaolewa moja kwa moja?"

Nikamjibu, "Vunja. Yule ana kwake."

Barua yako kwamba mumeo kakufukuza ilikuwa mfukoni mwangu tangu Ijumaa. Nilijua unarudi. Nikatazama ukuta ukishuka, nikanywa chai.

Leo nimemwambia Jivraj aujenge tena juu ya vigae. Kasema, "Vigae nilivipima bila ukuta huo. Sebule itaonekana imekaa upande, kaka, kila mgeni atauliza."

Wakiuliza nitawaambia nilichofanya. Njoo.

Kaka yako,
Mansukh